Kibao Nilichokiandika kwa Mkono Wangu

Nilipotoka chuoni na cheti cha elimu maalumu, niliomba chumba kilichokuwa stoo ya shule yetu, mjini Mpanda, nikakifanya makumbusho ya watoto wasioona na wenye ulemavu wa akili. Wazazi walileta mzinga wa nyuki wa gome la mti, jiwe la kusagia, kibuyu cha kusukia maziwa. Sheria ilikuwa moja: anayesimulia hushika kitu chake, na wanaomsikiliza hukishika baada yake.

Msichana mmoja asiyeona, wa familia ya wafugaji wa kijiji cha Kasekese, alikuwa amekaa nasi miezi kadhaa bila kusema neno. Siku tuliyotia maziwa katika kibuyu na kumpa, alikipakata, akaanza kukitikisa, na hadithi ikafuata mapigo yake: bibi yake, fisi zizini, mvua. Maziwa yalipobadili sauti, siagi ikianza kushikana, alinyamaza. Hadithi ilikuwa imeiva.

Baba yake alitaka kumrudisha nyumbani. "Mwalimu," aliniambia, "nitakuja siku wageni watakapokuja kuona makumbusho. Nikimwona anafanya kitu, abaki. Nisipoona, naondoka naye."

Asubuhi ya siku hiyo mwalimu mkuu alikagua chumba.

"Hawa watatumwagia maziwa mbele ya wakubwa. Funga kamba kuzunguka vitu, uandike na kibao."

Nilijua wajibu wangu, lakini nilifunga kamba. Niliandika USIGUSE kwa mwandiko mzuri wa chuoni, katika chumba cha watoto ambao wengi wao wasingeweza kukisoma kibao hicho.

Msichana alisimamishwa mbele ya wageni na baba yake. Akanyoosha mikono, haikukuta kitu.

"Mwalimu, kibuyu kiko wapi?"

"Simulia tu," nilimnong'oneza.

Mikono yake ikaendelea kupapasa hewani. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu hasemi?"

"Ndio watoto wetu maalumu hao, mheshimiwa," mwalimu mkuu akajibu, na wageni wakapiga makofi ya huruma.

Nje nilimkuta baba yake ameshampakia binti kwenye pikipiki.

"Baba, anajua," nilisema. "Jana alisimulia mpaka mwisho."

"Jana sikuwepo." Hakuwa na hasira. "Nilidhani shule ina cha kumpa. Kumbe hata nyie mnamweka tu, kama mimi."

Ningeweza kuwarudisha ndani, niikate ile kamba mbele ya wote. Badala yake nilikuwa nikitafuta maneno ya kujitetea, wakati mwalimu mkuu alipoita kutoka mlangoni kwamba soda za wageni hazijafunguliwa.

Nikaenda kuzifungua.