Sanduku la Nyembe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani tangu ujana wangu, na asubuhi hii umeniamshia yote. Ni siku baba yangu alipofungua mkebe wangu. Nitakusimulia, lakini kwanza liweke chini hilo sanduku. Liweke hapa karibu na miguu yangu. Shimo la choo halihami, Mwenda. Ukimaliza kunisikiliza na bado unataka kulitupa, shimo utalikuta palepale.

Najua umekasirika. Koome wako amefunga chuo huko Nchiru, ukategemea aje akusaidie kuchimba viazi, hizi waru zetu, naye akashuka na sanduku la mashine za kunyolea za zamani, brashi zilizonyonyoka nywele, vikombe vya sabuni, mikanda ya ngozi ya kunolea, na nyembe za wazee ambao mimi na wewe tuliwazika. Umeniambia ni vitu vya maiti na havitalala kwako. Wewe, mzee wa kanisa! Nilitaka kucheka nikajizuia, kwa sababu uso uliokuwa nao mlangoni ni uso wa baba yangu kabisa. Kijana naye amesema hana maneno mengi, kesho anarudi Nchiru, na likizo zake atakuwa akizimalizia huko huko. Sasa hivi anafunga begi. Hilo ndilo linaloniumiza, si sanduku.

Basi nisikilize.

Nilikuwa nimetoka jandoni karibuni, nimepewa kibanda changu, na kidevu kimeanza kuniwasha. Hapa Kibirichia palikuwa na mwalimu aliyenyoa ndevu kila asubuhi, tena nje, mbele ya kioo alichokitundika ukutani, na sisi vijana tulisimama kumtazama bila haya. Alichokitupa nilikiokota. Nyembe zilizochakaa, karatasi zake zenye picha, brashi, halafu siku moja mashine nzima iliyolegea shingo. Ukiuzungusha mpini, mdomo wake ulifunguka pande mbili kwa mlio mdogo, tk, na mlio ule niliupenda mno. Sikunyoa chochote. Jioni nilivitoa, nikavipaka mafuta, nikavipanga juu ya gunia, kisha nikavirudisha kwenye mkebe wa majani ya chai. Ukiniuliza kwa nini, hata leo sina jibu la kukuridhisha. Nilivipenda tu.

Siku hiyo baba aliingia kibandani kutafuta jembe uma, akaukuta mkebe.

Wewe umezaliwa ukawakuta vinyozi kila kona ya soko, wenye redio na mashine za umeme, kwa hiyo hujui wembe ulikuwa nini kwa watu wale. Kila boma lilikuwa na rwenji mmoja, wembe wa chuma uliofuliwa na mhunzi, ukachomekwa kwenye nyasi za paa, na hakuna aliyeugusa ovyo. Mtu akifa, waliobaki waliacha nywele na ndevu ziote hadi ifike siku ya kunyolewa. Hapo rwenji ulishushwa, vichwa vyote vikanyolewa, na ndipo msiba ulipotoka nyumbani. Baba alikuwa amenyolewa hivyo kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya ndugu zake. Sasa anafungua mkebe wa mtoto wake na kukuta nyembe tele, zimepakwa mafuta, zinangoja.

Akaniita. Hakupaza sauti. Alinionyesha mkebe, akaniuliza, "Hizi zote ni za nini? Unangoja nani afe?"

Nilikuwa na maneno ya kusema, ya ule mlio, ya zile picha, lakini hayakuja. Akachukulia kunyamaza kwangu kuwa jibu. Akaenda chooni, nikasikia mkebe ukigonga chini. Haki, mwanangu, sikulilia mkebe. Nililia kwamba baba yangu aliweza kunidhania jambo kama hilo.

Mvua za mwaka huo hazijaisha, nikaondoka. Nilishuka Embu nikapata kazi kwenye duka la mbao, nikapanga chumba mtaa wa Majimbo. Nyumbani nilituma sukari na salamu. Mwenyewe sikwenda. Na kwa jeuri ya ujana, nikaacha ndevu zimee. Wembe uliniletea balaa, nikasema, basi sitashika wembe tena. Zikawa nyingi, zikajikunja, mpaka wanawake wa plotini wakaniita mchungaji.

Sasa baba alikuwa na rika mwenzake, Mzee M'Ikiugu, ambaye mdomo wake haukujua kuzunguka. Huyu alileta waru sokoni Embu, akanikuta njiani, akanitazama, akaninunulia chai, hakuniuliza neno. Nilidhani yamekwisha. Kumbe aliporudi Kibirichia alipitiliza hadi kwetu kabla hata ya kufika kwake. Mama ndiye aliyenisimulia baadaye. Alimkuta baba amekaa uani anachagua mbegu za waru, akamwambia akiwa bado amesimama, "Nimemwona kijana wako. Amefuga ndevu za mtu aliyefiwa na baba. Na wewe uko hai, umekaa hapa unachagua mbegu."

Mama alisema baba aliendelea kuchagua, lakini alikuwa akitia mbegu mbovu pamoja na nzuri.

Haikupita wiki, akabisha mlangoni pangu. Baba yangu, ambaye hakuwa amewahi kulala mbali na shamba lake! Alikuwa na mfuko wa waru na kitambaa kilichokunjwa. Akakaa kitandani, maana kiti sikuwa nacho. Tulisalimiana, tukaulizana habari za ng'ombe, zikaisha. Mwishowe akafungua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na rwenji wa nyumbani na kipande cha sabuni. Akainua kidevu akasema, "Ninyoe."

Nikamwambia sijui kunyoa kwa wembe ule, nitamkata.

"Kumbe ulikuwa unazikusanya za nini, kama kunyoa hujui?"

Lilikuwa swali lile lile, mwanangu. Lakini safari hii aliniuliza akitaka kujua. Basi nikachemsha maji, nikampaka povu, na nilipokuwa nikimnyoa nikamweleza. Nilimweleza habari za mwalimu na kioo chake, na picha, na mlio wa mdomo wa mashine. Hakuweza kunikatiza, angethubutu vipi na wembe uko kooni? Chini ya taya nikaona kovu ambalo sikuwahi kuliona maisha yangu yote. Nikamuuliza, akanieleza jinsi alivyoanguka na mzigo wa kuni akiwa mdogo, na jinsi mama yake alivyombeba hadi kwa mganga huku akimgombeza njia nzima. Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka akiwa na mimi.

Nilipomaliza akauchukua rwenji, akaniambia nikae. Akaninyoa zile ndevu zote bila haraka. Akanipangusa kwa kitambaa, akaushika uso wangu kwa viganja viwili, akasema, "Sijafa. Na wewe hujafiwa."

Neno samahani sikulisikia, wala sikulihitaji. Aliondoka asubuhi, rwenji akaniachia mezani. Mwezi huo nikaja nyumbani.

Sasa turudi kwa Koome. Wewe ulilifungua sanduku ukaogopa. Mimi nilimwomba anionyeshe. Nakwambia, tuliketi hapa jana mpaka chai ikapoa. Kila kitu anajua kimetoka kwa nani. Ile brashi alipewa na mjane wa fundi cherehani, na mama wa watu alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza akimsifu mume wake. Ule mkanda ulikuwa wa mzee aliyejinyoa kila Jumapili hata alipokuwa haoni tena. Wajukuu wa wazee hao hawajui mambo hayo. Koome anayajua. Nikamtolea rwenji wa babu yako, nikamwambia aninyoe. Ulipoingia ukaniuliza mbona kidevu changu kinang'aa, sikukujibu. Jibu ndilo hilo.

Na kuna jambo moja hukuliona kwa sababu ya hasira. Fungua sanduku. Usiguse vya juu. Upande wa kulia kuna kitambaa cheupe. Kifungue. Unaitambua? Ndiyo, ni ile mashine yako ya plastiki ya bluu, uliyoitupa ilipovunjika mpini, Koome akiwa bado shule ya msingi. Aliiokota. Nilimuuliza kwa nini ameifunga peke yake. Akanijibu mimi babu yake, "Juju, hizo zingine ni za waliokufa. Ya Baba siwezi kuiweka pamoja nazo."

Haya, pangusa macho, hakuna anayekuona hapa ila mimi.

Nasaha yangu ni fupi. Mtoto akipenda kitu usichokielewa, usikitafsiri kwa hofu zako. Muulize, kisha unyamaze, umngoje hata kama jibu linachelewa. Ukishindwa kuuliza, kwa maana sisi wanaume wa ukoo huu midomo yetu ni mizito, basi mpe shavu lako. Hayo mengine atayasema mwenyewe akikunyoa. Maji yako jikoni yanachemka, nimeyateleka tangu ulipoanza kufoka. Nenda umwite kabla hajafunga zipu ya begi.

Mungu wa baba zetu akujalie ndevu zako zigeuke nyeupe mbele ya macho ya mwanao. Aupe mkono wake utulivu shingoni pako. Na siku akija kunyolewa kichwa kwa ajili yako, awe ameshakunyoa mara nyingi ukiwa hai.