S ya Shija

"Funga duka, uje nyumbani," kaka yangu Nikolaus aliniambia kwenye simu, kisha akakata.

Nilikuwa dukani kwangu Mtendeni, nimepanda stuli kumshushia mteja jora la kitambaa cha sare ya kwaya. Sikumpigia tena kumuuliza. Kwetu hakuna anayempa mtu msiba kwa simu. Humwambia afunge duka, na mwenye duka huelewa. Mteja alinitazama usoni, akalipokea jora kabla halijanidondoka.

"Ni mzee?"

"Ni mzee."

Akaniombea pale pale, katikati ya vitambaa, tukafunga mlango pamoja.

Baba yangu, Luteni Kamanda mstaafu Eliya S. Luhende, alifia nyumbani kwetu Isevya baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari. Namshukuru Mungu kwa kifo cha namna hiyo. Alikuwa mwanamaji maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu akatuhamisha kutoka Kigamboni kuja Tabora, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya bwawa la Igombe. Watu walimtania. "Afande, meli umeipaki wapi?" Naye alijibu, "Babu zenu walitoka hapa kwa miguu na pembe za ndovu kichwani wakaenda kuiona bahari. Mimi nimerudi kuwapa majibu."

Alitaka kurudi huku kwa sababu moja. Akiwa mtoto mdogo aliletwa hospitali ya misheni kule Sikonge, mahututi. Mama yake alirudi shambani kuvuna, na hakuonekana tena. Habari zikaja kwamba amefariki. Muuguzi mmoja, mtu wa Mbeya, alipohamishiwa Tabora alimchukua akamlea. Baadaye vijiji vilihamishwa, watu wakatawanyika, na baba alikuwa jeshini. Hakujua kwao ni wapi. Kila mara alituambia, "Msinilaze mjini. Nilazeni alipo mama yangu, mkipapata. Msipopapata, popote pa Bwana ni pazuri." Hiyo "msipopapata" aliisema haraka haraka, kama mtu anayepita kwenye makaburi.

Siku ile ya msiba wazee wa kanisa walikaa, wakaamua: mazishi Jumamosi. Kama hakutapatikana kwao, Ijumaa mchana vijana wataanza kuchimba kwenye makaburi ya mjini. Mama yangu, Flavia, alisikiliza akiwa amejifunika kanga, akasema tu, "Haya." Niliujua uzito wa hiyo haya.

Nikolaus alipewa kazi ya kuandika wasifu. Kesho yake, Jumatano, mama akamletea mfuko wa nailoni wenye karatasi za pensheni ya baba, kwa sababu humo ndimo tarehe zote zilimokuwa: kuajiriwa, kupandishwa cheo, kozi za nje, kustaafu. Zote zilisema E. S. Luhende. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza S ni ya nini, alisema ni ya Samaki.

Chini kabisa kulikuwa na nakala ya karatasi aliyojaziwa siku alipojiunga na jeshi. Tuliifahamu. Baba mwenyewe aliifuata Dar es Salaam alipokuwa akishughulikia mafao, akitumaini itamwambia kwao, akarudi akicheka. Alituonyesha mistari miwili, kiganja chake kikiwa juu ya sehemu nyingine ya karatasi. Jina la mama: Mayu. Kijiji: Kaya.

Safari hii kiganja hakikuwepo. Nikolaus alisoma kwa sauti ili niandike: "Jina kamili, Eliya Shija Luhende. Jina la mama, Mayu. Kijiji..."

"Rudia," alisema bibi Koleta, jirani yetu, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mchele.

"Jina la mama, Mayu."

"Mayu nimemsikia. Kwa lugha ya huku mayu ni mama, na kaya ni nyumbani. Karani wa pwani kauliza mama yako nani, mtoto kasema Mama. Unatoka wapi, kasema Nyumbani. Hilo nalicheka baadaye. Rudia jina la mzee."

"Eliya Shija Luhende."

Bibi Koleta aliweka ungo chini. "Miaka yote nasali naye kanisa moja, kumbe ni Shija! Flavia, uliolewa na Shija?"

"Niliolewa na S," mama alisema. "Sisi watu wa Muheza hatujui hayo. Shija ni nini?"

"Shija ni mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Huwezi kuitwa Shija hivi hivi. Mbele yake yupo Kulwa na yupo Doto. Huyu mzee ana ndugu!"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ya msiba mama aliivua kanga kichwani.

Nilijiona mjinga. Nimeishi Tabora miaka mingi, ninauza vitambaa kwa akina Shija wa kila aina. Lakini hakuna aliyewahi kutuambia S ni nini, na baba, aliyekulia kwa mama wa Mbeya na kuzeekea baharini, sidhani kama alijua jina lake limebeba watu wawili. Kwa nini alilificha, tuliambiwa na mzee Fikiri, mwanamaji mwenzake, aliyefika jioni kwa basi kutoka Dar es Salaam.

"Sisi ndio wabaya," alisema, akijifuta machozi ya kilio na kicheko pamoja. "Tulikuwa vijana. Tukasema Shija gani, huyu Shida! Shida leta kamba, Shida piga deki. Bosi akaja akauliza nani ana shida, kikosi kizima kikamnyooshea kidole. Alipopata nyota yake ya kwanza akatuita, akasema, kuanzia leo mimi ni S, na atakayeuliza nitamtupa majini."

Tukaomba, kisha Nikolaus akawapigia wachungaji wa upande wa Sikonge. Asubuhi ya Alhamisi lilisomwa tangazo makanisani kwenye sala za alfajiri, na parokia za Wakatoliki nazo zikatusaidia, Mungu awabariki: wanatafutwa Kulwa na Doto, watoto wa mzee Luhende, ambao mdogo wao Shija alipelekwa hospitali akiwa mtoto, wapige namba hii.

Simu haikupumua. Sikujua Mungu ameumba mapacha wengi kiasi hicho.

"Haloo, mimi Kulwa," alisema wa kwanza, sauti ya kijana.

"Una umri gani, kaka?" niliuliza.

"Ishirini na sita."

"Marehemu ni mdogo wako, na ana zaidi ya sabini."

"Sasa dada, mmesema Kulwa apige. Nimepiga."

Mwingine alikuwa Doto kweli, na mzee kweli, ila baba yake aliitwa Masele. Alisema yuko tayari kuja msibani hata hivyo. Mwingine alitaka kujua kama chakula kipo. Ijumaa ikafika. Vijana walikuja kuchukua majembe uani.

Saa nne ililia simu ya mwanamke mzee, kutoka mbele ya Sikonge. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo Shija wenu, bado anaogopa nyuki?"

Baba yangu aliyekaa na dhoruba katikati ya bahari alikuwa akisikia nyuki mmoja dirishani anatoka chumbani na shuka. Asali hakuila. Nilimpa Nikolaus simu, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Alikuwa mbishi," bibi aliendelea. "Baba alimwambia asiuguse mzinga uliokuwa chini, akaupiga teke. Alivimba kama boga. Mayu akambeba mgongoni mpaka Sikonge. Aliporudi kuvuna akashikwa na homa, tukamzika. Baba alimfuata mtoto, akaambiwa yuko Tabora. Akaenda Tabora, mji mkubwa, hakumwona. Mimi ni Doto. Kulwa tumemzika juzi juzi, pembeni ya mayu."

"Shangazi," Nikolaus alisema, na hilo neno hatukuwahi kulitumia kwa mtu wa upande wa baba, "Shija ametutoka, na aliomba alazwe alipo mama yake. Makaburi yako wapi?"

"Yako kwenye mahame yetu ya zamani, kando ya njia ya wapagazi. Nayapalilia mwenyewe. Mleteni."

Mama alitoka kwenda uani akawaambia vijana, "Rudisheni majembe, wanangu. Au yapakieni, tunakwenda nayo."

Jumamosi tuliondoka baada ya ibada. Lami ikaisha, tukaingia njia ya vumbi katikati ya miombo, waendesha baiskeli wenye madumu ya asali wakisimama pembeni na kuvua kofia. Shangazi Doto alitungojea barabarani, mdogo, mweusi, paji la uso la baba kabisa. Alimkumbatia mama, akamwambia, "Wifi, umechelewa," wakacheka wakiwa wanalia. Bibi Koleta alimuuliza mayu aliitwa nani. Aliitwa Nyanzala, na Nikolaus aliliandika kwenye wasifu kwa kalamu.

Kaburi lilichimbwa kulia kwa mama yake. Kulwa yuko kushoto. Mchungaji alisoma zaburi ya mchungaji mwema, kwaya ikaimba beti tatu. Wanamaji waliokuja walikunja bendera wakampa mama, na mzee Fikiri akapiga saluti, akasema, "Luteni Kamanda Shija." Shangazi Doto alitupa udongo wa kwanza, akafuata mama, kisha Nikolaus, kisha mimi. Vijana wakafukia. Tuliweka mashada na msalaba wa mbao, tukasali sala ya Bwana, tukaenda kwa shangazi kula wali na maharage. Kabla jua halijazama tulipanda magari kurudi Tabora.