Chozi wa Kibimba

Nilivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Mume wangu alikuwa kazini Biharamulo mjini kutwa nzima, hivyo ikaamuliwa nikauguzwe kwa mama yake, Kibimba. Mimi ni Msukuma wa Nyamigogo, yeye ni Mhangaza. Kihangaza changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, ambacho yeye alizoea kukitumia sokoni.

Kila asubuhi aliniwekea kiti uani, akaniinulia mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisha akaenda shambani. Mbele yangu ilikuwepo migomba, na kwenye maua yake walikuja chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda. Dume alikuwa na kichwa cha kijani kinachometa na kifua chekundu. Nikataka kumpiga picha nimtumie mume wangu, lakini maua yalikuwa juu mno. Kwenye simu alionekana kama doa.

Nikachukua chupa ya plastiki, nikatoboa kifuniko kitundu kidogo, nikatia maji ya sukari. Nikaifunga kitambaa chekundu na kuitundika kichwa chini kwenye kamba ya nguo.

"Sukari hiyo ya nani?" mama akauliza.

"Ya ndege, mama."

"Ndege wa huku wanakunywa chai?"

Wa kwanza kufika walikuwa sisimizi. Nikapaka kamba mafuta mazito. Wakaja nyuki, nikakaa ndani mpaka walipoondoka. Chozi alipokuja hatimaye, alining'inia kwenye kitambaa, akachovya mdomo na kuruka kabla sijabonyeza. Nilipata picha nyingi za kamba tupu, na moja ya mkia. Kisha nikasogeza kiti ili jua liwe mgongoni kwangu, nikaegemeza mkono kwenye gongo langu la kutembelea, nikasubiri. Safari hiyo alitokea mzima, hata jicho lilionekana.

Mama aliporudi nilimwonyesha. Aliisogeza simu mpaka karibu na pua, akaigeuza huku na huku.

"Ua zuri," alisema.

"Siyo ua, mama. Ni ndege."

Akanirudishia simu, akaanza kumenya ndizi. Ndipo nikakumbuka mawe niliyokuwa nikiyatafuna kwenye maharage yake. Nilidhani anachambua kwa haraka.

"Mama, macho yako vipi?"

"Yapo."

"Unaniona nilivyo?"

Alimalizia kumenya, akatia ndizi sufuriani. "Ninakuona kama mtu aliyesimama kwenye ukungu," akasema. "Usimwambie mwenzako. Atanihamishia mjini, na shamba langu atalima nani?"

Sikuweza kunyamaza, na sikutaka kumzunguka. Nilimpigia mume wangu mama akiwa amekaa pembeni yangu, na kabla sijaeleza lolote nikamwahidisha kwamba suala la kuhama halitazungumzwa. Akakubali. Mama akachukua simu, akamtaka mwanawe airudie ahadi hiyo mara mbili kwa Kihangaza. Hilo nililielewa.

Hospitali alikotupeleka mume wangu walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakalifanyia upasuaji la kulia kwanza. Kesho yake muuguzi alipotoa bandeji mbele yetu, mama alinitazama muda mrefu, nikaona aibu kama bibi harusi.

"Kumbe wewe ni mwembamba hivi," alisema. "Na una mwanya. Mbona hakuna aliyeniambia una mwanya?"

Nilikuwa mkwe wake kwa miaka mitano.

Tuliporudi nyumbani alisimama mlangoni, akaangalia dari na masizi yaliyokuwa yakining'inia jikoni. Akasikitika kwa sauti. Akatafuta ufagio, akaufunga kwenye ufito mrefu, akanifukuza nisije nikaangukiwa na vumbi. Jicho la pili alilikataa mpaka avune maharage, na alipokwisha kuvuna alikwenda mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshatolewa plasta, nimerudi Biharamulo.