Kilo Sitini na Moja za Bi Zainabu

Kwa miaka kumi na sita Abdulhadi Haidar aliishi Guangzhou bila kutembea mpaka mahali popote panapostahili kuitwa mbali. Ofisi yake ya kusafirisha mizigo ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo la Tianxiu, chumba alicholala kilikuwa uchochoro wa nyuma, na mkahawa wa Waislamu alikokula tambi za nyama ya ng'ombe ulikuwa ng'ambo ya barabara. Akiambiwa jambo liko vituo viwili vya metro, aliliahirisha mpaka wiki ijayo. Tumbo lilimjia bila kuagizwa, na kama bidhaa nyingi za mtaa wake wa Xiaobei, halikuwa na utaratibu wa kurudishwa.

Mwezi wa Shaaban ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Unguja. Alikuwa Bi Zainabu, mama yake, mwenye umri wa miaka sabini na tisa na magoti ambayo aliyazungumzia kana kwamba ni wapangaji wasiolipa kodi.

"Hadi, mwanangu, nimepata nafasi ya hija mwaka huu. Kutembea siwezi, hilo wewe walijua. Na sitaki kusukumwa na mtu wa kukodi nisiyemjua baba yake. Utanisukuma wewe."

Kiongozi wa msafara alikuwa na sharti lake, na hakulipamba kwa maneno. Anayetaka kumsukuma mzazi wake mwenyewe awe na uwezo wa kwenda kilomita kumi na tano kwa siku, siku tatu mfululizo, na aape kwamba amezijaribu kweli. Asiyeweza, mzazi wake ataingizwa kwenye orodha ya mwakani. Abdulhadi alimsikiliza mpaka mwisho, akaona wazi kuwa mwanamke wa miaka sabini na tisa haambiwi njoo mwakani. Kama miguu yake ingeshindwa, basi hija ya mama yake ndiyo ingekuwa imekwisha.

Akaanza kutembea. Siku ya kwanza alikwenda mpaka bustani ya Yuexiu na kurudi kwa teksi. Kufika mwisho wa Ramadhani aliweza kupanda mlima wa Baiyun na kushuka, akiongea peke yake njia nzima. Lakini kutembea mikono mitupu si kusukuma, na yeye ni mtu wa mizigo. Akanunua kiti cha magurudumu. Muuzaji alikataa kuuza chini ya kumi, kwa hiyo akanunua kumi, tisa akavitia kwenye kontena kwa ajili ya misikiti ya kwao, kimoja akabaki nacho. Hata ibada ikipitia Guangzhou hununuliwa kwa jumla.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Miaka sita nyuma, mara ya mwisho alipokuwa nyumbani, alimpandisha mama yake kwa utani juu ya mizani ya dukani Darajani. Kilo sitini na moja. Watu husahau siku za kuzaliwa za watoto wao, lakini mtu wa mizigo hasahau kilo. Basi akamwita Gaudence, mtu wa Songea ambaye amemfungia mizigo kwa miaka tisa, akamwambia amtengenezee robota la suruali za jinzi, kilo sitini na moja kamili.

"Linaenda wapi, bosi?"

"Linakwenda na mimi milimani. Ni mama."

Gaudence akashika kazi. Alizishindilia suruali, akazizungushia nailoni nyeupe na utepe wa gundi mpaka robota likawa gumu kama ukuta, kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika jina la mwenye mzigo, kama ilivyo desturi: BI ZAINABU, ZNZ.

"Niandike na 'Usigeuze juu chini'?"

"Andika."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Gaudence akasema, akilipigapiga robota mgongoni. "Mimi naliona jepesi kabisa."

Mwezi wa nne kuna sikukuu ambayo Wachina huzuru makaburi ya wazee wao. Viwanda vya jinzi vya mji wa Xintang hufungwa siku tatu, na Abdulhadi alikuwa na kontena la kupakia huko Xintang siku ya Jumanne. Akaona hesabu inakubali. Atapanda basi mpaka kaskazini kabisa ya wilaya ya Zengcheng, Xintang ikiwa kusini yake, ateremke na kiti chake, avuke vilima kwa miguu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, alale kwenye nyumba za wageni mara mbili, na afike Xintang kabla ya kazi kuanza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Juu ya vilima vile hakuna miti. Kuna majani marefu, vichaka vinavyofika magotini, upepo, na njia nyembamba ya saruji inayopanda bila huruma. Abdulhadi alipanda nayo. Kila hatua hamsini alisimama na kuliuliza robota kama lingependa kupumzika, na kila mara robota lilikubali. Kwenye miteremko lilimvuta mbele mpaka akawa anakimbia kwa mwendo ambao hakuutaka. Halikulalamika hata mara moja, na hapo ndipo alipojua kuwa mazoezi haya yana kasoro.

Njiani alikutana na familia nzima nzima zikienda makaburini, zimebeba maua, karatasi za kuchoma, na nguruwe mzima aliyeokwa juu ya ubao. Alimpisha nguruwe. Jambo lililomshangaza ni heshima aliyopewa. Mzee mmoja alivua kofia yake mbele ya kiti na kuinamisha kichwa. Mama mmoja aliwanyamazisha wanawe mpaka alipopita. Abdulhadi aliwajibu wote kwa mkono kifuani, akafikiri kuwa watu wa milimani wana adabu kuliko wa mjini.

Nyumba ya wageni ya kwanza ilimwambia "meiyou", hakuna, kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amelizoea jibu hilo. Vijumba vingi havipokei wageni wa nje kwa sababu ya kazi ya kuwaandikisha polisi, na meiyou ndilo neno la kwanza ambalo mfanyabiashara hujifunza China na la mwisho analolisahau. Ya pili ilikuwa ya Bibi Liang, mwanamke mnene mwenye aproni, aliyekuwa na vyumba vinne juu ya mgahawa. Alichukua pasipoti, akahangaika na simu yake nusu saa nzima, akamwandikisha. Kisha akakitazama kiti.

"Hiki ni nini?"

Kichina cha Abdulhadi kilitosha kukataa bei kwa namna kumi na moja. Nje ya hapo hakikuwa na mapana. Akasema ukweli kwa ufupi.

"Mama yangu."

Bibi Liang alilitazama lile furushi jeupe lililofungwa pande zote, siku ya makaburi, likiwa na maandishi mbele. Akarudi nyuma hatua mbili, akaunganisha viganja, akainama mara tatu. Kwa ishara na maneno ya taratibu akaeleza kuwa mama hawezi kulala juu pamoja na wageni wengine, lakini nyuma kuna chumba kisafi, na ada hatatoza. Akakisukuma kiti mwenyewe. Aliporudi Abdulhadi kutoka kutawadha, alikuta mbele ya robota vijiti vitatu vya ubani, machungwa mawili na kikombe cha chai ya moto.

Alikuwa na kiu tangu adhuhuri. Aliona ni ukarimu mkubwa, akaketi na kuinywa chai.

Ukelele wa Bibi Liang ulisikika mpaka jikoni. Ikabidi simu itoe tafsiri. Abdulhadi aliandika polepole, asikosee: Mama yangu yu hai, yuko Zanzibar, hajambo. Hizi ni suruali. Namfanyia mazoezi ya kumsukuma.

Bibi Liang alisoma mara mbili. Alizima ubani kwa vidole, akavirudisha vijiti kwenye boksi lake kwa kuwa vilikuwa bado virefu, akalibonyeza robota kwa kidole gumba. Kisha akauliza jinzi hizo ni bei gani kwa jumla.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Abdulhadi alilifunika robota kwa koti lake la mvua, yeye akalowa, na hakuona ajabu yoyote katika mpango huo. Kisigino cha kushoto kilitoka malengelenge. Lakini miguu ilikwenda, na saa kumi alasiri alipofikia nyumba ya wageni kando ya mto, simu ilimwambia amemaliza kilomita thelathini na nne kwa siku mbili. Akajisikia mtu mwingine. Akaegemeza simu kwenye birika la chai na kupiga nyumbani, ambako ilikuwa saa tano asubuhi.

Akapokea Swalha, dada yake, anayeishi na mama. Bi Zainabu alikuwa nyuma yake kwenye mkeka, amejifunika kanga mpaka kidevuni, kama alivyokaa kwenye kila simu ya video ya mwaka ule.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Mbona umelowa?"

"Wewe hukulowa, ndiyo muhimu," akasema, akageuza simu aoneshe robota.

Walicheka. Swalha akasema na wao wana habari njema. Juzi wamekwenda kupima afya kwa ajili ya hija, na mama amepita, presha nzuri, sukari hana. Abdulhadi akamshukuru Mungu. Kisha, kwa sababu hajawahi kupokea mzigo wowote bila karatasi, akasema amtumie karatasi.

Swalha alisitasita. "Karatasi ya nini, kaka? Amepita."

"Nitumie tu."

Ikaja picha. Jina, umri, presha, sukari. Uzito: kilo 43.

Abdulhadi kwanza aliilaumu mizani. Mizani huiba, hilo alilijua. Huiba kilo mbili, huiba tatu ikiwa mwenye duka haogopi moto. Lakini hajapata kuona katika maisha yake mizani inayoiba kumi na nane.

"Swalha. Kila Ijumaa nakuuliza mama hajambo?"

"Na hajambo, kaka. Haumwi popote. Ni utu uzima tu, na chakula hakimpiti. Akila na watu hula, akila peke yake husukuma sahani. Mimi niko kazini mchana kutwa." Sauti yake ikashuka. "Aliniapisha nisikwambie. Aliogopa usije ukasema hawezi hija."

Abdulhadi aliisoma tena karatasi. Alijua uzito wa mizigo ya watu mia mbili, mpaka gramu, na angeweza kuutaja usingizini. Wa mama yake alikuwa anatembea nao ulivyokuwa miaka sita iliyopita. Aliona aibu, aibu nzito ambayo hakuwa na mahali pa kuishusha.

Akafanya jambo pekee analolijua. Akachukua kisu, akachana utepe wa Gaudence, akaanza kutoa. Suruali moja ni gramu mia sita. Alitoa thelathini, akazipanga kitandani mpaka kitanda kikajaa. Akalifunga upya lililobaki na kulirudisha kwenye kiti, na likawa dogo kiasi kwamba kiti kilibaki wazi pande zote mbili. Ikambidi alisogeze katikati lisianguke. Akakisukuma kiti kuvuka chumba kwa mkono mmoja. Kilikwenda bila kazi yoyote. Hapo mtu mzima wa miaka hamsini na mbili akaketi sakafuni na kulia kwa sauti.

"Hadi."

Simu ilikuwa bado wazi kwenye birika.

"Hadi, wafanya nini hapo?"

Alifuta uso kwa mkono. Hakuweza kumdanganya. "Nakupunguza, mama."

"Nani kakutuma?"

"Karatasi inasema arobaini na tatu."

"Naijua karatasi inavyosema, nilikuwa juu ya ile mizani mimi, si wewe." Bi Zainabu alikuwa amejivuta karibu, na kanga ilikuwa imeteremka. Shingo yake ilionekana yote, na mifupa ya mabega, na safari hii hakujifunika. "Zirudishe."

"Mama, nitakuwa nafanya mazoezi ya uongo."

"Zirudishe zote. Hija bado wiki saba. Sitaki uanze kunizoea mwepesi."

Swalha alikuwa ameangalia pembeni.

"Utakula?" Abdulhadi akauliza.

"Na nani?"

Abdulhadi alinyanyuka, akafungua mlango, akaagiza wali na mayai. Kule Unguja, Swalha alileta mkate wa kumimina na mchuzi uliobaki wa jana, akamwekea mama yake mbele ya simu. Abdulhadi alichana robota kwa mara ya pili na kuanza kurudisha, suruali moja, kijiko kimoja cha wali, suruali nyingine. Mama yake alihesabu kwa sauti, mdomo ukiwa na mkate ndani, na alipoona amekunja vibaya alimwambia akunje tena. Walipofika ishirini na mbili alisema ameshiba. Abdulhadi akaishikilia ya ishirini na tatu mkononi, hakuiweka. Akasubiri. Bi Zainabu akamtazama, akamtukana kidogo kwa jina la marehemu baba yake, akamega kipande kingine.

Thelathini ilipoingia, sahani ya Unguja ilikuwa tupu.

"Kesho wala saa ngapi huko?" akauliza mama.

"Saa sita mchana. Kwenu saa moja asubuhi."

"Basi nipigie saa moja. Na usile kabla."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Abdulhadi aliliinua robota, likamlemea kiunoni, akaliweka kwenye kiti. Lilijaa pande zote. Akalikaza kamba, akashika vipini, na akaanza kulisukuma kuelekea Xintang.