Siku Bibi Alipowafukuza Ndege wa Bustani

Juzi, rafiki yangu, nilikuta mfuko wa mtama dukani hapa Minneapolis. Umechorwa ndege mbele, maana huku mtama huuzwa kwa ajili ya ndege. Nikacheka peke yangu katikati ya watu, kisha machozi yakanijia. Nikaununua, nikapanda basi hadi bustani ile ya utotoni. Ngoja nikuambie kwa nini.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina miaka tisa. Mama alifanya kazi hospitalini, akamleta bibi kutoka Singida aje akae nasi. Theluji ilipoanza kuanguka, bibi alikaa dirishani, sweta juu ya sweta na khanga juu yake, asitoke tena. Ugali aliumega akauacha.

"Nirudishe kwangu, mwanangu," alimwambia mama kila jioni. "Nchi gani hii haina hata jogoo?"

Mwishowe mama akakubali. Jumatatu angepiga simu tiketi ibadilishwe. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, na bibi ndiye mtu pekee niliyezungumza naye sana. Zilibaki siku mbili.

Jumamosi hiyo mwalimu wetu alialika watoto na watu wa nyumbani kwao waende bustanini kutazama ndege. Nikamwomba bibi twende.

"Ndege? Tukawafanye nini?"

"Tukawatazame tu, bibi."

Alinikodolea macho. "Haya, mke mwenzangu. Nikifa kwa baridi, babu yako utabaki naye peke yako." Ndivyo alivyonitania siku zote.

Asubuhi ile siisahau. Baridi iligandisha hata kope. Theluji ililia chini ya buti, kwacha, kwacha, kama mtu anayetafuna muhogo mbichi. Sharti la mwalimu lilikuwa moja tu: kimya. Nilifurahi sana, leo watu wote walikuwa kama mimi. Tulipokezana darubini moja hadi tukafika kwenye mti usio na jani hata moja, umebaki na matunda madogo mekundu. Ulijaa ndege. Labda mia mbili, rangi ya kahawia laini, kishungi kichwani, ncha ya mkia njano kama imechovywa kwenye rangi. Walikula bila kupumzika. Watu wakazuia pumzi.

Bibi naye aliwaona. Lakini bibi utoto wake aliumaliza juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba la mtama, akiamia ndege. Aliwafukuza kutwa nzima, maana wakishinda wao, nyumba inalala njaa. Sasa akaona chakula kinaliwa, na watu wazima wamesimama wanaangalia.

"Haiyaaa! Hoo! Hoo! Hoo!"

Sikujua kifua chake kina sauti ile. Akainama, akafinyanga donge la theluji, yeye ambaye hakuwahi hata kuigusa, akalivurumisha mtini. Ndege wote wakaruka kwa mpigo mmoja. Nilitamani theluji inifunike.

Lakini hakuna aliyemtazama bibi. Wote walitazama juu. Kundi lile liligeuka pamoja kama khanga inayokung'utwa, jua likalipiga kwa chini, anga ikametameta njano. Wakazunguka mara moja, mara mbili, tukisikia mvumo wa mabawa juu ya vichwa vyetu. Kisha wakarudi. Wakatua kwenye mti ule ule, wengine karibu kabisa na kichwa cha bibi, wakaendelea kula.

Mkono wa bibi ulibaki hewani. "Wamerudi," alisema polepole. "Nimewafukuza, na wamerudi. Hawa hawaniogopi kabisa."

"Anasema nini?" mwalimu akaniuliza.

Nyuso zote zikanigeukia. Basi nikasema. Nikaeleza habari za dungu, za mtama, za njaa, maneno mengi kuliko niliyowahi kusema darasani mwaka mzima. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, akatoa mfuko mdogo wa chakula cha ndege, akammiminia bibi kiganjani.

Bibi akasugua punje kwa kidole gumba. "Mtama! Mnawanunulia mtama? Nyie mna wazimu." Hilo sikulitafsiri. Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akazifunga zile punje kwenye pindo la khanga. Kumwaga hakuweza.

Jumatatu mama akashika simu.

"Ngoja kwanza," bibi akasema, ugali mdomoni. "Sijamalizana na wale ndege."

Alikaa nasi majira matatu ya baridi. Sasa amelala Singida, na shamba lake limejengwa nyumba. Mwalimu alihama zamani. Mti upo, ila umekauka upande mmoja, na juzi nilikuta ndege kumi na tano tu, au ishirini.

Nikaangalia kushoto na kulia, maana aibu yangu haijaisha. Hapakuwa na mtu.

"Haiyaaa! Hoo! Hoo!"

Wakaruka wote. Nikasimama na mtama wangu mkononi, uso juu, nikingoja warudi.