Bingwa Aliyetua kwenye Makopa

Somoe Hemedi alikuwa na ulimi mrefu kabla hajawa na magurudumu. Akiwa darasa la tatu huko Nanyamba alimwambia ustadhi wa madrasa kwamba anasoma vizuri ila sauti inapitia puani. Akachapwa, na jioni ile ile akapanda mkorosho wa jirani kutafuta mabibo ya kujiliwaza. Tawi likakatika. Alipozinduka hospitalini miguu ilikuwepo pale pale ilipokuwa siku zote, lakini ilikuwa imeacha kumtii.

Baba yake, Mzee Hemedi, mkulima wa korosho asiye na maneno mengi, alimbeba mgongoni kwa mganga huyu na yule mpaka mgongo wake mwenyewe ukaanza kuhitaji mganga. Ndugu walikuja kutoa pole. Walikaa, wakala, wakamzungumzia Somoe mbele yake kana kwamba ni marehemu aliyechelewa kuzikwa. Shangazi mmoja akauliza nani atamwoa mtoto huyu. Somoe akajibu kwamba yeyote, mradi asitoke upande wa shangazi, maana ameshawaona wanavyokula.

Alipokua alihamia Mtwara mjini, akapata kibanda cha ushonaji karibu na soko la Chikongola. Alishona kwa cherehani ya mkono na alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, kwa hiyo mabega yake yalikuwa kama ya mpakia magunia. Aliendesha vibaya sana, yaani kwa kasi. Siku moja dereva wa bodaboda alimpigia honi apishe njia. Somoe alimfukuza mpaka stendi, akamkuta amekwama kwenye msongamano, akamweleza kwa utulivu kwamba mtu mwenye injini akikosa adabu, basi angalau awe na mwendo.

Aliyeona mkasa huo alikuwa Frank, fundi wa kuchomelea mageti, jirani yake wa kibanda. Frank aliwahi kutazama mbio za vitimwendo kwenye televisheni, na alikuwa wa aina ile ya mafundi wanaoamini kwamba walichokiona mara moja wanaweza kukitengeneza. Akamchomelea kiti cha mbio: magurudumu mawili makubwa ya baiskeli yaliyolala upande, moja dogo mbele kabisa, na mahali pa kukunja magoti. Alikumbuka kila kitu isipokuwa breki.

Mazoezi yalifanyika barabara ya Naliendele, asubuhi, na kwenye tambarare hakuna aliyeikumbuka breki. Kisha Frank akataka Somoe ajaribu mteremko wa kuingia Mikindani. Somoe aliteremka kwa raha zake mpaka alipotaka kusimama. Chini, kando ya barabara, mama mmoja aitwaye Bi Tatu alikuwa ameanika makopa ya muhogo kwenye mikeka. Somoe alipita mkeka wa kwanza, akapita wa pili, akatua kwenye wa tatu, chali, uso mweupe kwa vumbi la muhogo na kiti juu yake.

Mtoto wa Bi Tatu, Alawi, fundi wa injini za boti, alikuja mbio.

"Nikuinue?" akauliza.

"Inua kiti," Somoe akamjibu. "Mimi nimelala kwa hiari yangu."

Alawi akainua kiti. Bi Tatu naye alimwaga maneno ambayo hata Somoe, mtaalamu wa fani hiyo, aliyasikiliza kwa heshima. Wakapatana kwamba kwa makopa yaliyoharibika atashonewa gauni la sikukuu. Gauni hilo lilichelewa mno. Aliyetumwa kuliulizia alikuwa Alawi, na Alawi aliuliza karibu kila siku, hata baada ya kukabidhiwa. Wakaoana. Shangazi wa Nanyamba alihudhuria, akala.

Kiti kilipopata breki, Somoe aliitwa kwenye mashindano ya taifa Dar es Salaam. Baba yake mdogo, Juma, akaja kusema kwamba mwanamke wa Kiislamu kushindana mbele za watu ni aibu. Mzee Hemedi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alipokuwa amekaa ulisema aibu," akamwambia. "Sasa anakwenda, aibu. Chagua moja, Juma, tupumzike."

Somoe alikimbia mita mia nane akiwa amevaa fulana ya mikono mirefu na hijabu aliyoikaza kama kofia ya rubani, akawaacha wenzake nyuma mpaka akadhani wamesimamishwa. Ndipo ilipozuka shida ya jukwaa. Medali zilikuwa juu, pamoja na mgeni rasmi, na jukwaa lilikuwa na ngazi. Vijana wanne wakaja kumbeba. Somoe akashika magurudumu yake.

"Mimi nimeshakimbia," akasema. "Mgeni rasmi ana miguu miwili na leo hajaifanyisha kazi yoyote. Ashuke."

Mgeni rasmi alisita, akatazama ngazi, kisha akashuka akicheka. Mwaka uliofuata medali ziligawiwa chini, na waandaaji walisema ni wazo lao.

Alikuwa bingwa kwa miaka kadhaa, na alizoea. Kisha akaja Veronika, binti wa Masasi, mwembamba, mpole, akampita kwenye kona ya mwisho kana kwamba anaomba radhi. Na baada ya mbio akaja kweli kuomba radhi, machozi yakimtoka. Somoe alikuwa na hasira hadi meno yanamuuma.

"Ukiniomba msamaha tena," akamwambia, "nitakufukuza mpaka kwenu Masasi."

Usiku ule alilia kwa siri, Alawi akijifanya amelala. Aliendelea kukimbia na kuwa wa pili, cheo alichokichukia kuliko kuwa wa mwisho, hadi bega la kulia lilipogoma hata kusuka nywele. Akaacha. Siku hizi anawafundisha wasichana wenye vitimwendo pale barabara ya Naliendele, akiwatukana kwa upendo, na Veronika huja kumsaidia akiwa likizo.

Binti yake, Nasra, ana miguu mizima na afya njema. Ukimtuma dukani kufuata chumvi, utakula mboga isiyo na chumvi.