Mbegu za Pamba Kwenye Kopo la Dada

Kila anayeketi mezani kwetu kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: hizi pointi za uhai ni damu? Huwa najibu taratibu, maana kufundisha ndiyo kazi yangu, na swali lenyewe ni zuri.

Mchezo wetu ni rahisi. Mmoja anasimulia hadithi, na kwetu msimuliaji ni mimi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi. Anaamua mhusika huyo afanye nini, kisha dadu inaamua kama atafaulu. Mhusika anaanza na pointi zake za uhai. Akipigwa, zinapungua. Zikiisha, anaanguka.

Kama pointi hizo zingekuwa damu tu, aliyekatwa panga mara nne angekuwa anachechemea na mkono wake ungekuwa umelegea. Lakini mezani aliyebakiwa na pointi moja anapiga kwa nguvu zilezile za yule aliyejaa. Wageni huona hapo mchezo umekosea. Mimi huwaambia wamfikirie ng'ombe wa jembe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, analima pamba Bunda kwa ng'ombe, na mfano huu nimeutoa kwake. Ng'ombe mzuri hapunguzi kuvuta kadiri anavyochoka. Anavuta, anavuta, halafu analala palepale kwenye udongo uliopinduliwa, nira ikiwa shingoni. Kilichokuwa kinamwishia ni pumzi, na bahati, na ule utayari wa kuvuta tena. Pointi za uhai ni hivyo vyote kwa pamoja. Ukiangalia jembe tu, huwezi kujua zimebaki ngapi.

Nimeeleza hivyo mara nyingi, na watu huelewa. Ndiyo maana ninayoyaandika hapa yananiuma.

Tulikuwa tukikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja Kiabakari, kwa sababu ni katikati yetu. Mimi natoka Musoma, shemeji anatoka Bunda, na dada yangu mkubwa anatoka Butiama, alikokuwa akiishi na mama. Mkono na mguu wa kulia wa mama vilikuwa vimepooza tangu mwaka juzi. Dada ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha uji. Jumapili mchana jirani alimpokea kazi hiyo, na huo ndio ulikuwa muda pekee dada alioutumia kwa ajili yake mwenyewe.

Tulipoanza nilitaka kila mtu ataje pointi zake kwa sauti. Dada alikataa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu, na watoto vilevile. Ukiulizwa wako wangapi, unajibu kwamba wapo.

"Sasa ng'ombe sihesabu, uhai ndiyo niuhesabu?" aliuliza.

Shemeji alimuunga mkono. Basi nikatafuta njia nyingine. Shemeji alileta mbegu za pamba, nikampa kila mmoja kopo lake lenye mfuniko, ndani yake mbegu moja kwa kila pointi. Makopo yalikaa upande wangu, nyuma ya kipande cha boksi. Mtu akipigwa, nilitoa mbegu bila kuzionyesha, nikamweleza pigo limempataje, kisha nikamuuliza, "Vipi?" Naye alijibu kwa maneno. Mchezo ulinoga kuliko mwanzo. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye kujua nilikuwa mimi peke yangu.

Mhusika wa dada alikuwa mbeba ngao, anayesimama mbele. Wa shemeji alikuwa mpiga mishale, na dada hakumwacha apumue.

"Shemeji, mwanaume mzima unajificha nyuma ya sketi yangu?"

"Mishale haitaki haraka, dada."

Jumapili moja hadithi ilifika pagumu. Majambazi walikuwa wakivunja mlango wa ghala, na wanakijiji walikuwa wakitorokea nyuma. Lazima mtu aushikilie mlango. Nilichungulia kopo la dada: mbegu moja. La shemeji lilikuwa limejaa karibu nusu.

"Vipi, dada?"

"Niko vizuri. Nashika mlango."

Msimuliaji mwema angemwambia magoti yako yanatetemeka, macho yanaingia giza. Sheria zetu ziliniruhusu. Lakini alikuwa hodari mno pale mlangoni, na mimi nilitaka mlango ushikwe. Nikarusha dadu. Akaanguka.

Shemeji alicheka, akauliza sasa atajificha wapi. Dada hakucheka. Aliomba kopo lake, akaliinamisha, akaona ni tupu.

"Uliponiuliza vipi, zilikuwa zimebaki ngapi?"

Sikuwahi kumsikia akiuliza hesabu.

"Moja."

"Na nikakwambia niko vizuri, ukakubali." Aliongea polepole, bila hasira. "Huwaga unakubali hivyohivyo kwenye simu."

Shemeji aliinamia chai yake. Kila jioni nilipiga simu Butiama, nikauliza vipi huko, akasema tuko salama, nikamshukuru Mungu, nikaenda kula. Nilisikia kikohozi chake. Nilisikia akianza sentensi na kuiacha njiani. Mke wangu aliwahi kusema tumlete mama Musoma, nikamjibu kwamba dada ameshazoea. Neno hilo, ameshazoea, sasa nikilikumbuka nashindwa kukaa vizuri kwenye kiti.

Wiki hiyohiyo tulimleta mama. Dada alimsindikiza, akalala kwetu mpaka jua likawa kali, kisha akaamka ameshtuka, akiuliza ni nani amemgeuza mama. Nilimwambia ni mimi. Alikwenda kuangalia, akahamisha mto niliouweka upande usiofaa, akarudi kulala. Baadaye akarudi Butiama kwenye shamba lake.

Siku hizi anayepiga simu jioni ni yeye. Juzi mama alikuwa amekataa uji wangu, akimwita dada, na mgongo ulikuwa unaniwaka moto kwa kuinama. Simu ikaita.

"Vipi huko?"

Neno salama lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Nimechoka, dada."

"Basi Jumamosi nakuja nikupokee. Na kopo langu ulijaze, nataka kurudi mlangoni."

Nimelijaza mpaka mfuniko unakataa kufunga. Shemeji amekubali kwamba safari hii watapokezana mlango. Lakini nikilitazama lile kopo, naona jambo ambalo mbegu hazilifuti: mimi nimechoka majuma machache tu, nimesema mara moja, na mtu anakuja.